Kopo la Mafuta Meusi

Dereva wa lori aliyekuwa akielekea mpakani Rusumo aliisukuma sahani, akaitazama mikono ya Benedicta, akasema ameshiba. Alikuwa amemega chapati mara moja tu. Benedicta alishusha mikono ya blauzi upesi, lakini mabaka yalikuwa yameshaonekana: mekundu, makavu, yenye magamba meupe yaliyopukutika kila alipojikuna.

Kwa miaka sita yeye na Zita walikuwa wakiuza chakula katika kibanda kimoja, mali ya Benedicta, kando ya barabara pale Lusahunga. Benedicta alipika chapati na maharage, Zita ndizi kwa nyama. Siku ile Zita aliiona sahani ya dereva ikirudi bado imejaa. Kesho yake asubuhi Benedicta alimwona akikisugua kwa majivu kikombe alichotoka kunywea Benedicta, kisha akakitenga. Tangu hapo Benedicta alianza kumchunguza mwenzake. Kwa nini siku hizi Zita anakaa upande wa pili wa meza? Kwa nini ananyamaza wateja wakiuliza?

Wifi yake, Tecla, ndiye aliyempeleka kwa mganga aliyeitwa Bulugu, vijijini ndani kabisa, mbali na barabara. Bulugu hakumgusa. Aliuliza tu, "Kuna mtu unakula naye kila siku. Amewahi kukupa nguo?"

Benedicta alikumbuka kitenge alichopewa na Zita siku ya Krismasi. Mabaka yalianza Februari.

"Ni huyo," Bulugu alisema, akampa kopo la mafuta meusi.

Mafuta yalifanya kazi. Haikupita wiki mbili viwiko vikawa laini, magoti yakatakata. Kwa Benedicta ule ulikuwa ushahidi tosha. Alikichoma kitenge nyuma ya nyumba, na Jumatatu akayatoa masufuria ya Zita nje, madereva wakitazama.

"Katafute pengine pa kupikia."

"Nimekukosea nini?" Zita aliuliza.

"Unajua mwenyewe."

Zita alibeba vyombo vyake mara tatu kuvuka barabara. Hakuomba msaada, na hakuna aliyemsaidia.

Kopo lilipoisha, ngozi iliwaka. Safari hii haikuwa viwiko na magoti tu. Mgongo, tumbo, mapaja, hata kichwani chini ya nywele. Kila alipotandika kitanda alikung'uta magamba. Alirudi kwa Bulugu.

"Ameongeza nguvu," mganga alisema. "Niletee kitu alichokivaa."

Mchana mmoja Zita alipokwenda kuchota maji, Benedicta aliingia katika kibanda kipya cha mwenzake ng'ambo ya barabara na kuchukua kitambaa cha kichwa kilichotundikwa kwenye msumari. Alipogeuka, Zita alikuwa mlangoni na ndoo mkononi.

"Unakipeleka wapi?"

Benedicta alikificha kitambaa nyuma ya mgongo. Zita aliweka ndoo chini.

"Kwa mganga! Kumbe ndiyo sababu ulinifukuza. Unadhani nimekuroga."

"Kikombe changu ulikisugua kwa nini?"

"Niliogopa!" Zita alisema. "Nilidhani una ukoma. Nina watoto nyumbani. Nilipaswa kukuuliza, nikashindwa, hilo ni kosa langu. Lakini kukuroga, Benedicta? Mimi?" Alimnyang'anya kitambaa. "Nenda hospitali. Wakikuambia ni mimi, urudi uniambie."

Maneno hayo yalimchoma kuliko mabaka. Wiki ile alipanda basi kwenda kwao Rulenge, na mama yake akamsindikiza hospitalini. Tabibu, kijana aliyeitwa Frednand, alimwamkia mama shikamoo, kisha akamwomba Benedicta afumbe macho. Alimgusa kwa pamba kwenye kila baka na kumwuliza kama anahisi. Alihisi kote. Akakagua kucha zake, zilizokuwa na vishimo vidogo vidogo, na ngozi ya kichwa.

"Huu si ukoma," alisema. "Unaitwa soriasisi. Kinga ya mwili inaiharakisha ngozi, nayo inajitengeneza haraka kupita kiasi, ndiyo maana magamba yanarundikana. Hauambukizi. Si kwa kikombe, si kwa nguo, si kwa kulala pamoja. Katika ukoo wenu kuna mwenye ngozi hivi?"

"Hakuna," Benedicta alisema.

Mama yake aliinamisha kichwa. "Baba yako. Unafikiri kofia yake aliivaa hata kanisani kwa nini? Alinikataza kusema."

Frednand aliuliza kuhusu mafuta. Benedicta alipomweleza, alitikisa kichwa. "Sijui kilichokuwa ndani. Lakini kuna dawa kali za ngozi ambazo watu huchanganya kwenye mafuta kama hayo. Zinasafisha haraka, ukiziacha ghafla ugonjwa unarudi kwa hasira."

Alimwambia wazi kwamba ugonjwa hautapona moja kwa moja. Utatulia na kurudi. Ajipake mafuta mazito mara atokapo kuoga, mwili ukiwa na unyevu. Dawa ya hospitali apake kidogo, penye mabaka tu, na asiiache bila kumwuliza. Asibandue magamba, maana jeraha dogo huzaa baka jipya. Koo likimwuma, awahi matibabu, maana maambukizi ya koo huuamsha ugonjwa. "Na mawazo yakikuzidi, ngozi itakuambia."

Baada ya miezi miwili mgongo ulikuwa umetulia. Viwiko vilibaki na mabaka membamba. Benedicta alivuka barabara kwenda kwa Zita, akamweleza yote, hata habari ya baba yake.

"Nisamehe," alisema.

Zita aliendelea kumenya ndizi. "Nimekusamehe. Ila kupika pamoja, hapana. Ulinitoa mbele ya watu."

Sasa Benedicta anapika akiwa na blauzi ya mikono mifupi. Mteja akikodoa macho, anamwambia jina la ugonjwa kabla hajauliza. Wengine hukaa, wengine huondoka. Asubuhi yeye na Zita husalimiana, kila mmoja akiwa upande wake wa barabara. Wakati mwingine Benedicta humwona Zita akimtazama viwiko kwa muda mrefu, na mpaka leo hajui kama anamwonea huruma au bado anaogopa. Amepanga kumwuliza, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe, si kupitia kwa mganga.