Sampuli Isiyo na Kosa

Daktari wa macho alisema neno moja tu kuhusu kompyuta, na neno lenyewe lilikuwa hapana. Jicho la kulia lilikuwa limepasuliwa na kufunikwa kwa pamba na plasta. La kushoto lilikuwa bovu tangu zamani, likiwaona watu kama nguo zilizoanikwa. Kwa hiyo Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za fotokopi na muda wake mwingine wote aliumalizia kwenye Chekeche, alikaa kwenye kochi mikono mapajani kama mgeni ndani ya nyumba yake, huku mkewe ameikalia kompyuta.

"Mimi nafundisha watu kuendesha gari," mkewe alisema. "Hiki chombo chako hakina hata usukani."

"Wewe soma tu, Mwalimu. Usukani ninao mimi."

"Na jicho limefungwa. Ndiyo maana abiria tunaogopa."

Chekeche ilikuwa programu ya kukagua programu nyingine. Mtu akishaandika msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, anaupitisha humo, nayo inamwonyesha: hapa umefungua mabano hukufunga, hapa umetaja jina ambalo hukulitumia popote, hapa umeacha nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Fundi aliianza peke yake, akijifunza kwa kuharibu na kurekebisha, akaiweka wazi mtandaoni ili anayetaka aichukue bure na anayeweza achangie mkono. Waliochangia walikuwa wachache. Waliotumia hakuwajua idadi. Zilikuwamo hospitali, zilikuwamo benki, na hata programu ya kupanga zamu za magari pale shule ya udereva alikofundisha mkewe ilichekechwa humo.

Lakini alikuwa amechoka. Watu wasiomlipa hata asante walimgombeza kama mtumishi aliyechelewesha chai. Jicho lilipoanza kuvimba, mkewe alikaa naye mezani akamwambia kwa upole, bila kupandisha sauti, kwamba yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na programu. Fundi akakubali kuachia. Na wa kumwachia alikuwapo: Kijiko.

Kijiko hawakuwahi kumwona sura wala kumsikia sauti. Lilikuwa jina tu la mtandaoni, kama majina yote ya huko. Alikuja na marekebisho madogo madogo, akasahihishwa, akashukuru, akarudi na mengine bora zaidi. Watu wakigombana kwenye mijadala, yeye ndiye aliyemwaga maji. Fundi alipolazwa, Kijiko alijibu maswali ya watu wote, kisha akamwandikia mkewe Fundi pembeni kumkumbusha kwamba matone ya jicho hayafuatani papo kwa papo, lazima la kwanza liachwe likauke. Mkewe alimwita "mke mwenzangu". Zamani utani huo ulikuwa na pilipili ndani yake. Siku hizi ulikuwa wa mapenzi kabisa, kwa sababu mke mwenza huyu ndiye aliyekuwa anamrudishia mume. Mabegi yalikuwa tayari chumbani. Walikuwa waende kumwona mjukuu ambaye Fundi alimjua kwa picha tu.

Kilichobaki ni ufunguo. Haukuwa wa chuma. Ulikuwa faili moja na neno la siri, na Fundi peke yake ndiye aliyekuwa nao. Michango ingeweza kumiminika namna gani, lakini bila ufunguo huo hakuna toleo jipya la Chekeche lililotoka kwenda kwa watu. Jioni hiyo angeukabidhi.

Ila Fundi hakuwa mtu wa kutupa kitu mikononi mwa mwenzake na kuondoka. Alitaka kuacha maelezo ya kila folda, na mchana huo walikuwa wamefika kwenye folda ya mwisho, iliyoitwa Jalala.

"Nani anakabidhi jalala?" mkewe akauliza.

"Ukikabidhi nyumba unakabidhi hadi shimo la taka."

Jalala lilikuwa na kazi yake. Humo zilikaa sampuli za msimbo mbovu, ulioandikwa vibaya kwa makusudi, kila faili na kosa lake. Kabla ya toleo jipya kutoka, Chekeche ilipewa sampuli hizo ionekane kama bado inayakamata makosa yote. Kwa sababu hiyo Jalala halikukaguliwa kamwe. Mtu akiona kitu cha ajabu mle ndani, alijua kimewekwa kiwe cha ajabu.

Wakaufanya mchezo. Mwalimu anasoma kwa sauti, Fundi anataja kosa kwa kusikia, Mwalimu anaandika maelezo.

"Kama, mabano, umri, mkubwa kuliko, kumi na nane, halafu kimya."

"Mabano hayakufungwa."

"Jumla ni sawa na sifuri. Jumla ni sawa na sifuri. Mbona anajirudia kama mlevi?"

"Ndilo kosa lenyewe hilo. Andika."

"Ningejua kazi yako ndiyo hii ningekuja kukusaidia mapema. Mimi kuona makosa ya watu nalipwa."

Fundi akacheka mpaka akashika plasta. Walikwenda hivyo, faili baada ya faili, chai ikapoa mezani.

"Hii inaitwa nafasi zilizozidi," mkewe akasema.

"Hiyo rahisi. Mwishoni mwa mistari kuna nafasi tupu ambazo hazitakiwi. Hazionekani kwa macho. Bonyeza kile kitufe cha kupeleka alama mwisho wa mstari, uniambie imesimama wapi."

Akabonyeza. "Imegota kwenye herufi ya mwisho."

"Mstari unaofuata?"

"Hivyohivyo. Na huu pia. Imenyooka yote, kama imepigwa pasi."

"Pitia yote."

Akapitia yote, polepole, hadi chini. Hakukuwa na nafasi hata moja iliyozidi. Fundi akageuza kichwa kuelekea sauti ya mkewe, kama vile kugeuka kungemsaidia kuona.

"Basi hiyo sampuli haina kosa," akasema.

"Si ndiyo vizuri?"

"Kwenye Jalala? Nisomee kilichomo."

Mkewe akasoma. Mwanzoni yalikuwa maneno ya kawaida. Kisha akasita. "Hapa kuna herufi zimemwagwa tu, hazisomeki. Ni nyingi, zinajaza kioo kizima. Chini yake imeandikwa fumbua. Halafu tekeleza. Halafu kuna anwani ya folda, ina neno funguo ndani yake. Halafu tuma."

"Rudia hapo mwisho."

Akarudia. Mkono wa Fundi ulikuwa umeshika ukingo wa kochi.

"Sampuli husomwa tu," akasema baadaye, kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe. "Haitekelezwi. Ni sawa na picha ya simba, haiumi. Hata kama ni kitu kibaya, hakiwezi kufanya kazi hapo kilipo." Akainua kichwa. "Labda kuna mahali inaitwa. Andika jina la faili hiyo kwenye kisanduku cha kutafutia, pale juu."

Mkewe akaandika. Likatokea jibu moja: mstari mfupi katika hati ya kufungashia matoleo. Mstari huo ulisema kwamba wakati wa kufungasha toleo, sampuli hiyo ichukuliwe na kuingizwa ndani. Fundi aliukumbuka. Kijiko alikuwa amemweleza kwamba utaharakisha majaribio ya toleo jipya, ambayo yalikuwa bado kufanywa. Fundi aliupitisha mwenyewe, na chini yake akaandika asante.

"Mume wangu, niambie kwa lugha yangu."

"Toleo likitoka, kila atakayelichukua atakuwa na hicho kitu ndani ya kompyuta yake. Kitafungua mahali anapoweka funguo zake na maneno yake ya siri, kitazituma kwa mtu."

"Kila mtu?"

"Hospitali. Benki. Ninyi pale shuleni."

"Na limeshatoka?"

"Halijatoka. Bila ufunguo halitoki."

Mkewe akatazama saa ya ukutani, kisha akatazama mlango, ingawa hakukuwa na mtu wa kuingia. Mikono yake ilikuwa imetoka kwenye kibodi bila yeye kuiondoa.

"Angalia nani aliiweka hiyo sampuli," Fundi akasema, na wote wawili walijua.

"Kijiko."

Hata hapo Fundi hakutaka kumhukumu mtu. Alianza kupanga, moja baada ya nyingine, sababu ambazo zingemwacha Kijiko akiwa Kijiko. Labda mtu ameiba akaunti yake. Labda alikopi faili mahali pengine bila kusoma. Mkewe alimsikiliza, kisha akauliza swali ambalo Fundi alikuwa analikwepa.

"Kama alitaka kujificha, si angeziweka hizo nafasi mwishoni? Ungeambiwa zipo, ungesema andika, tukapita."

"Aliziweka," Fundi akasema taratibu. "Nina hakika aliziweka. Ila anapoandika ana Chekeche pembeni, imewashwa ijirekebishe yenyewe kila anapohifadhi faili. Sisi wote tunafanya hivyo. Kwenye Jalala lazima uizime kwanza, la sivyo inakusafishia kosa ulilolitaka. Akasahau kuizima. Chekeche imemfutia nafasi zake."

Hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba.

"Tumuulize," akaongeza. "Mtu huulizwa."

Mkewe akaandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno: ile sampuli ya nafasi zilizozidi uliyoiweka, inapima nini hasa?

Jibu lilikuja kabla hajanyoosha mgongo. Akalisoma. "Anasema: inapima nafasi mwishoni mwa mstari tu, ndugu yangu. Kwani kuna tatizo?" Ukaingia ujumbe mwingine. "Ameongeza nyingine. Jicho likoje leo? Usijichoshe na hilo Jalala lililobaki, hakuna anayelisoma. Nitumie ufunguo, mengine nitayamaliza mimi. Msalimie Mwalimu."

Nje gari lilipiga honi, likajibiwa na jingine.

"Mimi sikumwambia limebaki Jalala," Fundi akasema.

"Ni mimi. Asubuhi aliniuliza mmefikia wapi, nikamwambia limebaki Jalala tu. Nilidhani anatuhurumia." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ananiuliza hali yako kila asubuhi. Mdogo wako wa tumbo moja hajauliza hata mara moja."

"Najua."

"Alinifundisha kukuwekea matone."

"Najua, Mwalimu. Na alikufundisha sahihi. Hilo ndilo silielewi." Fundi akapitisha kiganja usoni, akakwepa plasta. "Muulize zile herufi zilizomwagwa ni za nini."

Akauliza. Wakangoja. Chini ya jina la Kijiko vidoti vikaanza kuchezacheza, dalili kwamba anaandika. Vikacheza muda mrefu, vikazimika. Vikacheza tena. Vikazimika, na taa ya kijani kando ya jina lake ikazimika pamoja navyo.

"Ameondoka," mkewe akasema.

"Nenda kwenye ukurasa wa wachangiaji. Lipo jina lake, na kando yake kuna kitufe chekundu."

Alikwenda. Alikiona. Kitufe kilipobonyezwa hakikumwondoa mtu hapohapo. Kilifungua kisanduku kikamtaka aandike jina la anayeondolewa, herufi kwa herufi, ili kuthibitisha. Aliandika K, akakaa. Aliandika nyingine. Fundi alisikia kibodi ikinyamaza katikati. Kisha zikagongwa zilizobaki, na mlio mdogo ukasikika.

"Tayari."

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyingi, na wingi wake uliwasaidia. Faili ikafutwa, mstari ukatolewa. Fundi akatoa maneno ya tangazo kwa watumiaji wote, akitafuta yasiyo na hasira. Aseme kilichopatikana, kilipowekwa, nani aliyekiweka, na nani aliyekipitisha.

"Nani aliyekipitisha?" mkewe akauliza. "Lazima?"

"Jina langu lipo pale chini ya ile asante. Wataliona tu. Bora walisikie kwangu."

Akaandika. Akamwuliza kama amwandikie na binti yao, mama wa yule mjukuu, kwamba hawaji, na Fundi akasema amwandikie, kwa sababu sasa hakukuwa na wa kumwachia. Mkewe hakubisha. Alisimama akayatoa mabegi njiani pale chumbani, akayasukuma chini ya kitanda, akarudi kukaa.

Tangazo lilikuwa limeshaanza kujibiwa. Akasoma machache. Mmoja alishukuru. Mmoja aliuliza kama toleo alilonalo ni salama, na Fundi akasema ajibiwe ndiyo. Mmoja alitukana. Halafu mkewe akasogea karibu na kioo.

"Soma," Fundi akasema.

"Ni mtu anatunza programu nyingine. Ile ya kupitishia malipo." Alisoma bila kupanda wala kushuka. "Anasema: samahani, ni Kijiko yupi mnayemsema? Kwetu yupo mmoja, mtu mwema sana, alinisimamia kazi yote mke wangu alipojifungua. Tulimkabidhi ufunguo wiki iliyopita."

Fundi alifumbua jicho lake la kushoto, lile bovu, akaelekeza kwenye mwanga wa kioo alichokatazwa kukitazama. Hakuona kitu ila weupe. Mkewe hakumsubiri. Alisogeza kiti karibu na meza akaanza kuandika peke yake: ndugu, nipe namba yako ya simu, sasa hivi.