Kigae Kilichogeuzwa

Mwanamke aliyeingia karakana ya sabuni asubuhi ile hakuja kununua. Alifungua kola, akaonyesha shingo iliyovimba na kuwa nyekundu, kisha akaweka mezani kipande cha sabuni chenye jina la sabuni za karakana hiyo, Povu la Bibi. Fundi sabuni alikinusa. Hakikuwa chake, maana yeye hajawahi kutia harufu ya kufukuzia mbu. Mteja akamwonyesha simu: alikinunua kwenye tovuti yenye jina hilohilo. Fundi hakuwa na tovuti yoyote.

Wakili alimweleza polepole. Jina ni alama yake ya biashara, limesajiliwa, hilo halina ubishi. Lakini ili arudishiwe anwani ya tovuti, lazima athibitishe kwamba aliyeisajili hana haki na jina hilo, na alilichukua kwa nia mbaya akijua lina mwenyewe. Tatizo, huyo mtu alikuwa ameficha jina lake. Wakili akauliza kama kuna anayemshuku.

"Ningekuwa namjua, ningekuja kwako?" fundi akajibu.

Lakini roho haikutulia. Aliikodolea macho picha iliyokuwa kwenye tovuti mpaka akaona jambo lililomkata maini. Sabuni ya pichani ilikuwa yake kweli. Chini ya jina palikuwa na mstari, alama ya ufa wa kalibu yake ya kwanza, ile aliyoitupa baada ya kuimiminia sabuni mara moja tu. Vipande vile havikuuzwa. Kimoja alimpa mama yake, kimoja mdogo wake, vilivyobaki wakaviogea yeye na mumewe.

Tangu hapo kila mtu akawa mwizi. Mume akipokea simu, yeye anatega sikio. Alifika hadi kupekua kabati la mama yake mzazi, akakuta kipande kimo ndani ya karatasi yake, maana mama yule kitu kizuri hukitunza mpaka kiharibike. Aibu ilimshika, ila haikumzuia kwenda kwa mdogo wake.

Huko alipokewa vizuri mno. Kiti kikafutwa, kinywaji kikaletwa kabla hajaketi, na yeye akazidi kushuku. Akaomba kunawa mikono.

Bafuni mlikuwa na vigae vya maua ambavyo shemeji yake alivibandika mwenyewe kwa ubishi wa kukataa kuita fundi wa ujenzi. Kimoja alikigeuza juu chini, na familia nzima ikamcheka mwezi mzima. Fundi sabuni akaifungua ile picha ya tovuti kwenye simu, akaisogeza karibu na ukuta. Pichani, nyuma ya sabuni, ua lilikuwa linatazama chini.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Aliiona simu.

"Dada, bibi alikuwa wako peke yako?" aliuliza. "Alitufundisha sote wawili, sufuria moja. Ukaenda kusajili jina bila hata kunipigia simu."

Maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alijiambia atapiga kesho, na kesho hiyo ikawa miaka mitatu. Kwa muda alitamani kuizima simu, wakae, wayamalize. Kisha akaikumbuka shingo ya yule mteja.

"Ungekuja kunitukana, ningekupa nusu," alisema. "Wewe umewaunguza watu ngozi kwa jina la bibi."

Mdogo wake alisema sabuni walizinunua kwa jumla, hawakujua zina nini. Akaomba siku mbili tu, aifunge tovuti kimyakimya, mama asijue. Fundi alitaka sana kumwamini. Lakini alikumbuka jinsi alivyofutiwa kiti.

Akakipiga picha kile kigae. Halafu akampigia wakili.

"Uliniuliza kama kuna ninayemshuku," alisema, akimtazama mdogo wake usoni. "Namjua. Tumezaliwa tumbo moja."

Mdogo wake akamnyooshea taulo. Fundi akalipokea, akafuta mikono ambayo hakuwa ameinawa.