Kengele ya Saa Nne

Mtu haitwi Radi bure. Fundi wa matangi wa idara ya samaki pale chuo kikuu alikuwa na sauti ya kuamsha wafu. Akikohoa tu, walinzi kule getini humwambia pole. Na ndiye huyo huyo, jamani, aliyepewa kazi ya kumtunza samaki asiyetaka kusikia hata mlango ukifungwa.

Samaki mwenyewe alikuwa jike, urefu wa kidole cha kati, wa mwisho katika aina yake. Mto wao ulikwisha kukauka. Madume walikuwapo wawili. Jike mwingine, hakuna. Na mama wa aina hii huatamia mayai kinywani, siku kumi na tisa hali kitu. Akishtuka, anameza yote, basi tena.

Alishawahi kumeza. Siku hiyo Radi alichekeshwa kwenye simu, akaangua kicheko chake kile, na shavu la samaki likanywea mbele ya macho yake. Mtafiti wa mradi, ambaye ni mpwa wake, binti wa dada yake wa tumbo moja, hakumgombeza. Alisema tu, "Mjomba, huyu amezeeka. Akibeba tena, ndiyo mara ya mwisho." Afadhali angemtukana.

Sasa amebeba, na leo ni siku ya kumi na saba. Radi alikuwa akitembea pekupeku, akinong'ona hata nyumbani, mpaka mkewe akamuuliza, "Kulikoni, umeoa mwingine?"

Asubuhi hiyo alipiga magoti kufuta maji sakafuni. Chini ya mguu wa meza palikuwa na barua aliyoikunja mwenyewe wiki iliyopita, bila kuisoma, ili meza ya tangi isiyumbe. Maji yalikuwa yameikunjua. Akasoma: kengele za moto zitajaribiwa majengo yote, Jumatano, saa nne asubuhi, kwa dakika moja. Idara yenye pingamizi imjulishe fundi umeme.

Leo Jumatano. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika tatu.

"Mungu wangu," alinong'ona. Akampigia fundi umeme. Simu ikaita weee, haikupokelewa. Akapiga tena, wapi! Ofisi yake iko ng'ambo ya uwanja, na Radi ana kitambi. Mpwa wake yuko darasani anafundisha. Kumhamisha samaki je? Ukimgusa tu, amemeza.

Kengele ilikuwa kwenye korido, juu ya mlango wa chumba kile kile: bakuli la chuma na kinyundo kando yake. Radi akabeba kiti, akapanda. Akapapasa mfukoni apate kitambaa, kumbe amekiacha sakafuni. Muda umekwisha. Akaingiza vidole viwili kati ya kinyundo na bakuli.

Loo! Kinyundo kile hakikujua huruma. Kilimgonga kwenye kucha, papapapapa, damu ikateremka hadi kwenye kiwiko. Machozi yakambubujika, akauma kola ya shati lake. Kwa mbali majengo mengine yalikuwa yakilia. Kila yowe lilipomfika kooni alilikumbuka shavu lile likinywea, akalirudisha. Dakika moja! Aliyeiita moja hakuwahi kuihesabu kwa kucha zake.

Kikanyamaza. Akashuka, akaingia pekupeku, na hapo hofu ikamzidi maumivu. Hakuthubutu kutazama. Alitazama sakafu kwanza, kisha mguu wa meza, ndipo akainua macho kwenye kioo.

Shavu lilikuwa limejaa. Chini ya kidevu, nyuma ya ngozi nyembamba, vijicho vyeusi vilikuwa vikicheza.

Mpwa wake akatokea mlangoni, anahema, midomo imemkauka. "Mjomba, kengele! Ame..."

Radi akaweka kidole chenye damu mdomoni. Binti akakiona kidole, akamwona samaki, akaketi sakafuni na kulia kimyakimya.

Mjomba akaurudisha mlango taratibu. Akanyata koridoni, akashuka ngazi, akavuka uwanja wote mpaka kwenye ukuta wa getini. Hapo akapiga yowe.

Walinzi wakamwambia pole.