Matanga ya Léocadie

Léocadie alipata habari za kifo chake akiwa kazini, mikono imejaa povu. Alikuwa anaosha kichwa cha mteja katika saluni yake ya Bwiza, mjini Bujumbura, na chini ya mashine ya kukausha nywele alikaa mteja mwingine, mwalimu Annick, akisoma kitabu huku machozi yanamtoka. Alipoulizwa ana nini, Annick alisema kitabu hicho kimemmaliza kabisa. Mwandishi ni Mrundi aliyekuwa Ulaya, anasimulia maisha yake mwenyewe: jinsi mke wake mjamzito alivyofia njiani wakati wa vita, walipokuwa wanakimbilia Uvira, huko Kongo, na jinsi alivyomzika kwa mikono yake, yeye pamoja na kichanga.

"Kitu kimoja tu kinanishangaza, Mama Orlane," Annick alisema. "Uyu marehemu iko na jina yako."

"Na bwana yake anaitwa nani?"

"Valéry."

Léocadie alimalizia kukisuuza kile kichwa, akakifunga taulo, kisha akaenda uani akakaa juu ya kreti tupu. Kukimbia walikimbia, hilo ni kweli. Lakini njiani Valéry alisema anakwenda kutafuta maji, akapanda lori lililokuwa linaondoka, na Léocadie mkewe, mimba imekomaa, alimwona kwa macho yake mawili akivuta mguu wake ndani. Mtoto alizaliwa siku chache baadaye, salama salimini, akaitwa Orlane. Kuachwa, Léocadie alishakumeza zamani. Lakini mwanamume huyu hakutosheka kuwaacha. Alikaa mezani, akawaua wote wawili kwa kalamu, halafu akaanza kuzunguka dunia akipokea pole. Hilo halikumezeka.

Mji ulikuwa umebandikwa matangazo ya tamasha la simulizi za maisha. Waandishi walikuwa wanatoka Kigali, Bukavu na Kigoma, na mgeni wa heshima alikuwa nani kama si huyohuyo Valéry, na sura atakayosoma ilikuwa ipi kama si ya mazishi. Léocadie aliapa kwamba ataingia ukumbini na kumvua nguo mbele za watu. Alitaka jambo moja tu, na alilitaka kuliko usingizi: Valéry aseme kwa kinywa chake kwamba alidanganya.

Aliyemtuliza ni kaka yake Aloys wa Mutakura. Aloys ndiye msemaji wa ukoo; hakuna posa wala msiba wa familia ile ambamo hakusimama, kofia mkononi, akasema yanayopaswa kusemwa.

"Ukienda kupiga kelele watasema uko kichaa," alimwambia. "Walinzi watakutoa ata mbele ya kufungua kinywa. Sikia, dada. Si amesema ulikufa? Basi tunaenda kuganduka."

Léocadie alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka, na alicheka mpaka akashika mbavu.

Kuganduka ni kuanua matanga. Burundi mtu hazikwi akaachwa hivihivi. Muda ukipita ukoo hukutana, vinywaji huletwa, mjane husimama akataja marehemu aliacha nini na aliacha nani, ndipo hufunguliwa arudi kwenye maisha. Huko Ulaya wasomaji walilia wakafunga kitabu, hakuna aliyemuuliza Valéry matanga yalianuliwa lini. Hapa angeulizwa. Na katika Bujumbura nzima hakuna mlinzi atakayethubutu kuwafukuza watu waliokuja na msiba wao.

Orlane, aliyekuwa anasoma chuo kikuu, alisikiliza mipango hiyo yote. Mwisho alisema:

"Mama, mumupatie nafasi kwanza. Pengine akituona atasema mwenyewe."

Léocadie aliahidi. Aliahidi upesi, kwa sababu alimjua Valéry.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa. Familia iliingia mapema ikachukua safu ya tatu: Aloys na suti yake ya misiba, mashangazi wawili kutoka Kinama, Léocadie na Orlane wamejifunga imvutano, nguo za sherehe za Kirundi, kama wanawake wanaokwenda kwenye shughuli kubwa. Kreti za bia ziliwekwa ukutani. Mlinzi aliuliza ni za nini. Akaambiwa ni za kuganduka, naye akavua kofia na kutoa pole.

Valéry alisoma vizuri, shetani yule. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeingia mvi, na alijua mahali pa kunyamaza ili watu wapenge kamasi. Alipofika penye kaburi akatoa leso. Léocadie aliyasikiliza mazishi yake hadi udongo wa mwisho, na mwanamke aliyekaa nyuma yake alilia kwa kwikwi hata Léocadie akataka kumgeukia amwambie anyamaze, hakuna aliyekufa hapa.

Mwendesha shughuli, dada mmoja mchangamfu aitwaye Médiatrice, alipouliza nani ana swali, Aloys alisimama na kofia yake mkononi.

"Mi siko na swali. Sisi ni familia ya marehemu. Tunashukuru mkwe wetu kwa namna alizika dada yetu. Lakini toka siku ile hatujaganduka. Tumeleta kinywaji. Tunaomba leo, mbele ya hawa wageni, mjane asimame atuambie: marehemu aliacha nani?"

Médiatrice alipiga makofi kwa furaha, akidhani ni sehemu ya programu iliyopangwa na mtu mwingine. Ukumbi mzima ukafuata. Valéry ndiye hakupiga. Alimtambua Aloys, macho yake yakateremka kwenye safu, yakamkuta Léocadie. Léocadie alimpa tabasamu dogo. Kisha macho hayo yakahamia kwa msichana wa pembeni yake, yakakaa hapo.

Orlane alijisogeza ukingoni mwa kiti chake.

Nafasi ilikuwa hiyo. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Valéry, na neno lililohitajika lilikuwa fupi. Valéry alipangusa paji la uso.

"Hakuacha mtu," alisema. "Mtoto alikwenda pamoja naye."

Léocadie alimwona binti yake akirudi nyuma kitini. Akasimama, akapita mbele za magoti ya watu, akapanda jukwaani, akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mumewe kama anavyomnyang'anya mwanafunzi wake wa saluni kitana.

"Mi ndiye marehemu," alisema. "Karibuni kwenye matanga yangu."

Watu wakacheka, wakaacha kucheka.

"Simfahamu mama huyu," Valéry alisema. "Mke wangu nilimzika mwenyewe."

"Aaa, apana!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Uyu si Mama Orlane wa Bwiza? Ndiye alinisuka hizi!"

"Ata mi!"

"Na mi! Iko na mutoto mukubwa, ule pale!"

Wakaanza kusimama huku na huku, wakigusa vichwa vyao, na Annick naye akasimama, kitabu mkononi, uso umewiva kwa hasira kwa ajili ya machozi yake yaliyotapeliwa. Wageni wa Kigoma waliuliza kumetokea nini, wakaelezwa, nao wakaanza kuzomea. Léocadie alisimama katikati ya kelele zile akanywa kila tone. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia, na hakuona haya hata kidogo.

"Sema," alimwambia Valéry, akamrudishia kipaza sauti.

"Nilidanganya," alisema. Sauti ilimpasuka. "Niliwakimbia. Niliona aibu." Kisha akashuka jukwaani, akaenda mpaka safu ya tatu, akapiga magoti pale chini na suti yake yote. "Mwanangu."

Orlane alisimama. Alimpa mkono, kama mtu anavyowapa mkono wafiwa.

"Pole kwa msiba, mzee," alisema. "Tumeisha kuganduka."

Akachukua pochi yake, akatoka.

Bia zilinywewa nje, kwenye maegesho, na Aloys alisema maneno ya kufunga huku mashangazi wanapiga vigelegele. Léocadie alikunywa, akasimulia, akasimulia tena. Ilipoisha chupa ndipo alipomwona binti yake amesimama peke yake karibu na geti. Akamwendea.

"Mama," Orlane alisema, "ulisikia vile alisema 'mwanangu'?"

"Nilisikia."

"Ile sauti. Inafanana na yangu?"

Ilifanana. Ilikuwa nzito vilevile na ilikwaruza mwishoni mwa maneno vilevile. Miaka yote Léocadie aliisikia ikiomba chakula nyumbani kwake, ikicheka, ikisali. Binti yake alikuwa amesimama anangoja jibu, macho yamejaa.

"Apana," Léocadie alisema. "Ata kidogo."