Kombaini Isiyofagiwa

Kombaini ya kuvunia ngano ilipofika kwenye pengo la ua, Mbishi alisimama katikati na kutanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. Dereva akakanyaga breki.

"Wewe mzee, umechoka kuishi?"

"Hiyo mashine haiingii kwangu bila kufagiwa. Imetoka kuvuna shamba lililojaa gugu la ngano pori."

Shamba hilo lilikuwa la kaka yake mkubwa, naye kaka mwenyewe alikuwa palepale, juu ya pikipiki, amefuata mashine aliyoikodi yeye kwa ajili yao wote wawili. Akazima injini.

"Sema tena, nisikie vizuri."

Mbishi alishusha mikono. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Asubuhi, kwa heshima tu, alisema mkubwa avune kwanza, wala hakufikiri kwamba mashine ingekuja na tumbo lililojaa mbegu za shamba lililotangulia. Kwake ngano pori ilikuwa imekwisha. Miaka mitatu yeye na mkewe wameing'oa shina moja moja, migongo ikilia, maana ikiwa changa inafanana na ngano kama pacha. Sasa shamba lilikuwa safi, na mnunuzi wa mbegu alikuwa ameahidi kulichukua zao lote kwa bei nzuri. Akiona punje moja ya ngano pori, nyeusi yenye nywele, mzigo wote unakuwa chakula cha kuku.

"Kaka, sikutukani. Ila gugu lako likiingia humu, miaka yangu mitatu imekwenda na maji."

"Gugu langu! Kwani mimi nimelizaa?"

Mkewe akaja mbio kutoka ndani ya ngano, kitambaa kimemdondoka mabegani.

"Baba watoto, hulioni lile wingu? Acha ivune, tutachambua baadaye."

"Utachambua magunia hayo yote kwa vidole, mama watoto?"

Mke akatazama wingu, akatazama mashine. Lilikuwa jeusi ti, na limekwishafika kilimani. Ngano iliyokauka namna ile, mvua ikiilaza, mashine haiokoti tena kitu.

"Dereva, nipe ufagio," alisema mke.

"Mama, nina wateja wengine wananingoja."

"Nipe ufagio, au ukalale hapo langoni mpaka uote mizizi!"

Dereva akacheka bila kutaka, akafungua milango ya pembeni na kutoa ufagio. Mbishi akajipenyeza chini ya mashine, akachokonoa kwa kijiti. Makapi yakamwagika usoni, machoni, mdomoni. Mke akapanda kwenye tangi, akafagia pembe zake huku akikohoa. Kila konzi ya makapi iliyoanguka ilikuwa na punje nyeusi.

"Mmemaliza?" kaka aliuliza.

"Bado."

"Mvua haikungoji wewe, kichwa kigumu."

"Hata ngano pori hainingoji."

Ngurumo ikapasuka. Mbishi akatoka chini ya mashine, akamwambia dereva akate mistari miwili tu ya ukingoni na kumwaga punje zake nje. Ngano ile isuuze tumbo la mashine, itupwe. Mke akafumba macho, kama mtu anayeona sahani inateleza mkononi.

Ndipo uvunaji ukaanza. Mashine ilikwenda kasi, vumbi likapanda, na Mbishi akaifuata kwa mguu, haambiliki, akitia mkono kukagua kila mara punje zilipomwagwa. Shamba lilipofika nusu, matone ya kwanza yalimpiga shingoni. Dereva akakaza mwendo. Kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, na nusu iliyobaki ikalala chini kama mkeka uliokanyagwa.

Kaka akawasha pikipiki. "Ufagio umekugharimu nusu ya shamba. Siku nyingine kodi mashine yako." Akaondoka bila kuaga.

Ndani ya banda, mke alimimina ngano ya gunia la kwanza kwenye ungo, akaipepeta, akaisambaza kwa kiganja, akainama mpaka pua ikakaribia punje. Mbishi alisimama, maji yakimtiririka kwenye nguo.

Mke akafanya vivyo hivyo kwa gunia la pili, na la tatu.

"Hakuna," alisema mwishowe. "Mpigie mnunuzi. Mwambie ni nusu."

"Akikataa nusu?"

"Mpigie kwanza."

Mbishi akafuta vidole kwenye gunia kavu, akatoa simu.