Filamu ya Darakasi

Magunia manne yalikuwa yameloweshwa maji na kutandazwa juu ya paa la mabati, ili upepo usiligongegonge na kuharibu sauti. Ndani ya kile chumba kimoja, pembezoni mwa Kismayu ambako Wabajuni, watu wa visiwani, walikuwa wamejibanza, joto halikupungua hata kidogo. Bimdogo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipaza sauti kimebanwa ukingoni mwa buibui lake. Kiti hakikuwepo. Maji yaliyomwagwa kwenye magunia yalikuwa ya kupikia, na hakuna aliyemwambia Shihab hadi jioni.

"Niseme Kisomali, wakubwa wapate kufahamu?" Bimdogo aliuliza.

"Sema kama usemavyo na sisi, mama."

Shihab alikuwa mwana wa dadake. Alichutama kando ya kamera, naye Fumo, mpiga picha aliyetoka naye Mombasa, akainua kidole kuashiria kwamba mashine inazunguka.

Bimdogo hakulia. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Walikuja asubuhi, wachu kama ishirini, na bunduki. Shuaibu alikuwa kisimani. Hawakumuuliza neno. Tulimzika na kamba ya ndoo imemzonga mkononi, maana hatukuwa na muda wa kuifungua. Kisha tukaingia mashuani. Sasa nasikia wasema Darakasi, kisiwa chetu, tuliiuza. Hatukuuza. Mchu hauzi mahali alipomzika mumewe."

Fumo alizima kamera. Halafu Bimdogo akauliza kama wamekula.

Shihab alikuwa na miaka hamsini na minne, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo aliimaliza katika picha. Alianza kwa kufagia jumba la sinema papo hapo Kismayu, akapandishwa kuendesha mashine, na hapo ndipo vita vilipomkuta. Alifika Mombasa na shati alilovaa. Kambini alijifunza kupiga video za harusi kwa kamera ya kuazima. Alipotoka kambini alifungua kampuni yake, chumba juu ya duka la mbao. Humo alitayarisha filamu kumi na moja za Kiswahili. Yeye ndiye aliyetafuta hadithi, akawabembeleza waigizaji, akaomba vibali, akapika chai wapishi walipogoma. Mtaani walimwita Prodyuza, hata watoto.

Lakini kila alipoomba pasipoti, Kenya walimwambia yeye Msomali. Alipojaribu kwa Wasomali, mtu nyuma ya dirisha aliyasikiliza matamshi yake, akacheka, akamwambia arudi kwao Kenya. Mara mbili filamu zake zilichaguliwa kuonyeshwa ng'ambo, na mara zote mbili alisafiri mtu mwingine, akapanda jukwaani na kupokea tuzo. Shihab alizitazama picha zile kwenye simu. Alimpigia yule mtu kumpongeza.

Filamu ya kumi na mbili alitaka iwe ya kwao, ionyeshwe kwao. Aliposikia kisiwa cha Darakasi kinakaribia kupewa mfanyabiashara ajenge hoteli, na kwamba kamati itakaa kuwasikiliza wenyeji kabla ya kuamua, alifunga ofisi, akamchukua Fumo, wakaja.

Siku ya tisa tangu wafike, Fumo alikwenda kisiwani peke yake kupiga picha nguzo za zege zilizokwisha kusimikwa kando ya makaburi. Hakurudi. Shihab alizunguka vituo vitatu vya polisi akiulizia. Katika kila kituo alijibiwa kwa upole kwamba mtu huyo hajulikani. Siku ya nne ya kumtafuta, aliitwa kwenye ofisi moja isiyo na kibao mlangoni.

Aliyemkaribisha aliitwa Mahmoud, afisa wa habari, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye kanzu safi. Aliagiza chai. Mezani palikuwa na kamera ya Fumo, na kando yake mkoba aliotoka nao, wenye diski zote za filamu.

"Ustadh Shihab," alisema Mahmoud, "nimeangalia kazi yako. Wallahi, wewe ni bingwa. Tungekuwa na wachache kama wewe, nchi hii ingejulikana."

"Mheshimiwa, mpiga picha wangu yuko wapi?"

"Yuko salama. Mtu akikamatwa na kamera eneo la ulinzi, lazima aulizwe maswali. Nikuulize na wewe moja, kwa heshima. Ukoo wako hapa ni upi?"

"Mimi Mbajuni."

"Najua. Nauliza, nyuma yako kuna nani? Mimi nikikamatwa leo, kabla ya adhuhuri wazee ishirini watakuwa mlangoni. Mwenzako ana siku nne. Aliyekuja ni wewe tu."

Shihab alikitazama kikombe chake. Neno lile lilikuwa kweli.

Mahmoud alisukuma karatasi mbele yake. Filamu ingekabidhiwa ofisi kwa ukaguzi na "marekebisho ya sauti na picha." Jina la mtayarishaji lisingeguswa. Ingeonyeshwa mjini, hadharani, mbele ya wageni. Na Shihab angefikiriwa kwa ukurugenzi wa idara mpya ya filamu.

"Marekebisho gani?"

"Kukata kidogo. Kuna maneno yanaamsha vidonda."

Shihab aliisoma karatasi mara mbili. Aliifahamu. Alijiambia kwamba kipande kikikatwa, kilichobaki bado ni kweli. Alijiambia habari ya Fumo, ambaye mkewe alikuwa akipiga simu kila saa. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakujiambia, ila alilihisi mkono ulipokuwa ukitia saini: baada ya miaka yote ile, jina lake litaonekana kwenye kitambaa cheupe mjini Kismayu.

Fumo aliachiliwa siku ile ile. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba, vidole havikunjiki. Alipoambiwa kuhusu saini, alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Afadhali ungeniacha mle," alisema.

Asubuhi iliyofuata alipanda gari la kwenda mpakani.

Filamu ilionyeshwa mwezi uliofuata, baada ya swala ya alasiri, katika ukumbi uliopakwa rangi upya. Bimdogo aliletwa kwa bajaji ya ofisi na kupewa buibui jipya. Waliketishwa mstari wa mbele, yeye na Shihab, karibu na wanakamati.

Picha zilikuwa zile zile. Mchanga, kisima, misikiti iliyobomoka. Fumo alikuwa amezipiga vizuri. Makaburi hayakuwemo, wala nguzo. Kisha uso wa Bimdogo ukajaza kitambaa, kila kunyanzi likionekana, na midomo yake ikaanza kucheza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mwingine, kwa Kisomali laini cha redioni.

*Ukame ulituzidi,* ilisema. *Tuliondoka kwa hiari yetu. Kisiwa tuliwauzia ndugu zetu, na walitulipa haki yetu. Hatuna manung'uniko.*

Bimdogo alielewa kila neno. Kisomali alikijua tangu utotoni. Alimgeukia Shihab taratibu.

"Mwanangu, huyo asemaye ni nani?"

"Simjui, mama."

"Na haya umeyafanya wewe?"

Taa ziliwashwa kabla hajajibu. Kwenye kitambaa palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: MTAYARISHAJI: SHIHAB MANSUR. Watu walipiga makofi. Mahmoud alimshika kiwiko akamsimamisha, na Shihab alisimama. Alipewa cheti ndani ya fremu. Mpiga picha alimwomba atabasamu, kisha akaomba mara ya pili.

Juma lililofuata kamati ilikaa siku moja tu. Wazee wa Kibajuni walileta maombi yenye alama za dole gumba mia mbili na arobaini. Mwenyekiti aliwasikiliza, kisha akaagiza televisheni iletwe, waonyeshwe ile filamu. Walipokwisha kutazama aliwauliza kama wanamjua mama yule. Walisema wanamjua. Akawashukuru kwa ukweli wao na kufunga daftari.

Shihab hakuitwa kwenye ukurugenzi. Alipofuatilia, aliambiwa idara bado inaundwa. Alikwenda kwa Bimdogo siku tatu mfululizo akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Siku ya nne alimkuta bombani, katika foleni ya ndoo, wanawake wamemzunguka. Mmoja wao, Saada, alikuwa ameshika simu. Filamu ilikuwa imekwisha kusambaa.

"Sikusema hivyo," Bimdogo alikuwa akisema. "Nilisema hatukuuza. Nilisema habari ya Shuaibu. Hiyo sauti si yangu."

"Babangu kazikwa kule, Bimdogo," Saada alisema, bila kupaza sauti. "Mlipoiuza, mbona hamkutwambia?"

"Wallahi sikusema."

Saada alirudisha picha nyuma, akamsogezea simu karibu kabisa na macho.

"Basi huyu nani? Si weye huyu?"

Maji yalikuwa yakifurika ndoo ya mbele na hakuna aliyeyafunga. Bimdogo alimwona Shihab amesimama upande wa pili wa njia. Alingoja aseme neno. Alingoja sana. Kisha akaitazama tena ile simu, uso wake mwenyewe unaonena.

"Ni mimi," alisema.