Kichupa cha Afaf

Hamid aliuza barafu za ukwaju mlangoni pake Kibokoni kwa miaka ishirini, na hakuna mtu Mji wa Kale mzima aliyethubutu kumfundisha habari za baridi. Basi Daktari Kenga alipomkabidhi kichupa cha damu ya Afaf, mkewe Hamid, akamwambia friji ya kliniki imekufa na kichupa kikae baridi hadi kesho, Hamid hakuuliza mara mbili. Damu ilikuwa ya kupelekwa Ujerumani, wataalamu waitafute chembe ya saratani inayotangatanga humo baada ya Afaf kukatwa titi, ijulikane kama ugonjwa utarudi. Akakifukia ndani kabisa ya friza, chini ya barafu zake.

Asubuhi alikirudisha kigumu kama jiwe.

“Nilisema kikae baridi, Bwana Hamid, sikusema kigande!” Daktari alijishika kichwa. “Chembe zote zimepasuka, hakuna cha kutazamwa tena. Na mwenzangu wa kuipeleka damu Ujerumani anapanda ndege adhuhuri.”

Afaf hakulaumu. Alinyoosha mkono tu, atolewe nyingine. Lakini dawa zilikuwa zimeikausha mishipa yake. Muuguzi akadunga mara moja, mara mbili, mara tano, mkono ukavimba na damu isitoke.

Hamid akapandisha mkono wa kanzu hadi kwapani, akautia mkono wake mbele ya sindano.

“Toa hapa,” akasema. “Miaka thelathini twala sahani moja. Toa hapa, utamkuta humu.”